Safu Iliyoachwa Wazi

Mimi ni wa Kamachumu, Muleba, na sasa nipo mwaka wa tano wa udaktari. Nilipoanza chuo Mwanza niliamini utafiti ni kazi ya wenye shahada tatu, wale wanaokuja kijijini na gari lenye nembo ubavuni. Sisi tulikuwa na mitihani. Ile ripoti ya kumalizia shahada tuliisema kama ushuru wa soko: lipa, upite.

Likizo moja nilijitolea kwenye kituo cha afya wilayani kwetu. Nikapewa kitabu namba 5 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za afya), kile kipana cha wagonjwa wa nje, nijumlishe takwimu za mwezi. Nikakuta mtoto mwenye homa, kipimo cha haraka cha malaria hasi, na mbele yake: dawa mseto ya malaria. Mstari wa chini, vivyo hivyo. Nikamwuliza nesi, "Dada, kipimo kimesema hana malaria, mbona kapewa mseto?"

"Mdogo wangu, mama katembea na mtoto anachemka mgongoni. Umrudishe mikono mitupu?"

Jibu lake lilikuwa la mtu mwenye huruma, ila halikunituliza. Ni huyu nesi tu, au ni mazoea ya kituo? Ni kila mwezi, au mvua zikizidi? Nilimpelekea mwalimu wangu maswali hayo, naye akaniuliza: unahesabu nini, kati ya akina nani? Kujibu hilo kulinichukua muda mrefu kuliko somo lolote nililowahi kufaulu. Kisha likaja suala la kibali cha maadili, barua kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa mganga mkuu wa wilaya, na fomu isiyobeba majina ya wagonjwa.

Kazi yenyewe inachosha, nisidanganye mtu. Kilichonitesa zaidi ni safu zilizoachwa wazi. Mtoto hakupimwa, au alipimwa na matokeo hayakuandikwa? Daftari halisemi. Tangu hapo, wodini siachi nafasi tupu kwenye faili, hata saa nane usiku. Hakuna mhadhara ulionifundisha hivyo.

Hata takwimu za kwetu nilianza kuzisoma kwa jicho jingine. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waliripotiwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, hapo nyumbani. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Umeå, Sweden, walipima watu Kagera, wakakuta Bukoba mjini takriban watu wazima 24 katika kila 100 wana virusi. Muleba nayo ndiko vilikojaribiwa vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO, kwa kuwa mbu walishazoea dawa ya kawaida. Mwaka wa pili wa jaribio, watoto wenye malaria walikuwa asilimia 45 walikogawiwa vyandarua hivyo, dhidi ya 68 kwenye vya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza mwaka 2017. Ushahidi huo ulianza na mtu wa kawaida aliyebisha hodi, akaeleza shida yake, akamtoboa mtoto kidole na kuandika.

Kwa hiyo ninyi wa mwaka wa pili, msisubiri wa tano. Tafuteni msimamizi mapema, ingizeni data, tafsirini dodoso kwa Kihaya. Hapo mwanafunzi wa kwetu anamzidi profesa. Ila mwalimu anayewatuma kubeba madodoso tu, kisha majina yenu hayaonekani kwenye andiko, mwulizeni kwa adabu, na mwulizeni mapema. Na nauli, mara nyingi hutoka mfukoni mwenu.

Niliporudisha matokeo kituoni, nesi yule alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Sasa hao wasio na malaria, walikuwa wanaumwa nini?"

Sikuwa na jibu. Pendekezo la utafiti wa swali hilo limefika ukurasa wa tatu, na natafuta wenzangu wawili wanaojua Kihaya.