Pumzi ya Tenki

Mjomba wangu alikuwa na gereji ya pikipiki Chang'ombe, Dodoma, enzi ambazo pikipiki za mji ule zilikuwa za mabwana shamba, mapadri na wakaguzi wa elimu. Zilikuja na vumbi la Kondoa na Mpwapwa, na maradhi yaliyozileta yalikuwa ya aina mbili. Kuna iliyosita ukivuta resi ghafla: inakohoa, inadondosha mwendo, halafu ndiyo inashika. Na kuna iliyokwenda vizuri mpaka katikati ya pori, ikafifia taratibu ikazima, kisha mwenyewe akikaa chini ya mti kidogo inawaka na kuendelea na safari. Hii ya pili iliwatesa zaidi watu, kwa sababu ikifika gereji haina dalili yoyote.

Dawa ya wakati ule ilikuwa moja kwa yote mawili: fungua kabureta. Mjomba aliitandaza juu ya gunia safi, boya upande huu, slaidi na sindano yake upande ule, jeti mbili katikati. Ile jeti ndogo, inayolisha injini ikiwa inazunguka taratibu, ina tundu lisilofika nusu milimita. Punje moja ya kutu kutoka kwenye tenki inatosha kuliziba. Likiziba, ukivuta resi hewa inaingia kwa kishindo na petroli inachelewa kuifuata, ndipo injini inaposita. Mafundi wengi wa mjini walilichokonoa kwa unyuzi wa waya wa klachi. Jeti ni ya shaba laini, kwa hiyo kila ikichokonolewa tundu linapanuka, hadi pikipiki inakunywa mafuta kupita kiasi na plagi inatoka nyeusi tititi. Mjomba alitumia kipande cha mshipi wa kuvulia samaki, na nilipokuwa nikijifunza aliniwekea mkono juu ya mkono wangu: "Mjomba, shaba haichokonolewi kwa chuma."

Jambo moja la gereji ile linaniuma hadi leo. Petroli ilitolewa kwenye tenki kwa kunyonya mpira kwa mdomo. Mjomba alifanya hivyo kila siku, akitema na kusukutua kwa maji ya ndoo. Petroli ya miaka ile ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Na hata hii ya sasa ina benzeni, kemikali inayojulikana kuleta saratani, ambayo huingia mwilini kwa kuvutwa puani vilevile kama kwa kumezwa. Harufu ya mafuta tuliihesabu kuwa harufu ya kazi. Hakuna ofisi wala chuo kilichofika Chang'ombe kutuambia vinginevyo.

Kuhusu maradhi ya pikipiki zenyewe, kilichotufumbua macho ni mfuniko wa tenki. Bwana shamba mmoja alikuwa na Honda iliyokuwa ikimzimikia njia ya Kondoa, siku zote akipanda kutoka Kolo kwenda Bereko, na kabureta yake ilikuwa imeshafunguliwa na kila fundi mwenye spana. Mjomba hakuigusa tena. Alichomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akauelekeza ndani ya chupa tupu ya kioo, akafungua koki na kutuita tutazame. Mafuta yalimwagika mfululizo, mstari mnene kama penseli. Baada ya muda mstari ukawa mwembamba, ukakatika, ukawa matone. Tenki lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Akaufungua mfuniko, tukasikia hewa ikiingia fyuuu, na mafuta yakamiminika tena.

Chini ya mfuniko tulikuta kipande cha mfuko wa nailoni. Raba ya mfuniko ilikuwa imelika, mafuta yakawa yanaruka kwenye mashimo na kumlowesha mapaja, naye akafunika mdomo wa tenki kwa nailoni kama walivyofanya wengi. Hapo akawa ameziba kitundu cha pumzi. Mafuta yakishuka lazima hewa iingie kujaza nafasi yake. Hewa isipoingia, ndani ya tenki kunatokea mvuto unaoyazuia mafuta yasishuke. Kwenye tambarare injini hula kidogo na hewa hupenya penye upenyo, lakini kwenye mlima wa gia ya pili inaomba mafuta mengi na haipewi. Ukipumzika chini ya mti, hewa inajipenyeza polepole, na pikipiki inawaka. Mambo yote tuliyoyaita ya ajabu yalielezeka pale. (Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, mimi nilifurahi kwa sababu ambayo sidhani kama Serikali iliifikiria.)

Kuanzia hapo nilianza kuifuata hewa na mvuke kila mahali. Bakuli la kabureta nalo lina mrija wake mdogo wa pumzi, na ukijaa tope baada ya kuvuka korongo, injini inasita vilevile. Jua nalo lina kazi yake. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka chini ya nyuzi joto 40, na tenki jeusi lililoegeshwa adhuhuri huvuka hapo bila shida. Mvuke ukikosa njia ya kutoka, unayasukuma mafuta yapite kwa nguvu kwenye sindano ya boya, bakuli linafurika, na pikipiki iliyolala vizuri inakataa kuwaka ikinuka petroli. Tundu lilelile linalovuta hewa njiani ndilo linalotoa mvuke kituoni. Fundi anayeliona kuwa kasoro ya mfuniko hajaielewa pikipiki.

Bodaboda zilipoongezeka, hasa baada ya kanuni za mwaka 2010 kuziruhusu rasmi kubeba abiria, tulipambana na kusita kwa namna nyingine: mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi, na injini ya petroli huchoma mvuke, haichomi tone. Asubuhi ya baridi ya Julai vijana walipiga kiki hadi jasho likawatoka. Kabureta tulizifungua bure. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kubaini uchakachuaji) kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi faida ya kuyachanganya ikapungua sana. Waliopikia majiko ya mchina, yanayotumia mafuta ya taa, waliumia, hilo lazima lisemwe. Lakini gereji ziliona tofauti.

Kisha zikaja pikipiki zisizo na kabureta. India, zinakotoka nyingi za bodaboda zetu, ilianza viwango vya BS VI Aprili 2020, na matoleo mengi ya huko yakahamia kwenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa nozeli. Nyingi zinazouzwa kwetu bado ni za kabureta, ila hizo nyingine zinafika. Kwenye hizo, tundu la mfuniko halipumui tena nje. Mvuke wa tenki unapita kwenye mpira hadi kwenye kopo lenye mkaa maalumu, mkaa unaushika, na injini ikiwaka inaunyonya na kuuchoma. California, Marekani, ilidai kopo hili kwenye pikipiki tangu miaka ya 1980. Mimi nikiliona hukumbuka mdomo wa mjomba kwenye mpira.

Mafundi wengi hulikata kopo hili na kulitupa, wakidai linaifanya pikipiki isite. Huwa kweli linasitisha, pale mteja anapojaza tenki hadi shingoni: petroli yenyewe, badala ya mvuke, inashuka na kuulowesha mkaa, kisha injini inapewa mafuta ambayo kompyuta yake haikuyahesabu. Dawa ni kuacha nafasi juu ya tenki na kubadilisha kopo lililoharibika. Silikati, na mteja anayeng'ang'ania nampisha aende kwingine.

Miezi ya karibuni ililetwa pikipiki moja ya aina hiyo, iliyopakwa rangi tenki mahali fulani, ikarudi ikififia kwenye mwinuko wa Mlimwa hapa mjini. Taa ya injini haikuonyesha hitilafu, na mashine ya kusoma hitilafu ilikuwa kimya. Kijana ninayemfundisha aliiwasha, akasikiliza pampu ya ndani ya tenki ikianza kulia kwa sauti nyembamba, akafungua mfuniko, na sauti ikashuka. Hakuniita. Alilinyanyua tenki akakuta mpira wa pumzi umebanwa chini yake na waliolirudisha, akaunyoosha na kuufunga mahali pake. Mwenye pikipiki aliuliza analipia nini wakati hakuna kifaa kilichobadilishwa. Kijana akamtajia bei ya kutafuta tatizo, nami sikuipunguza.