Mlango wa Kifua, Mlango wa Sukari

Nilipoanza unesi Arusha mwishoni mwa miaka ya 1980, mgonjwa wa kifua kikuu alikuwa na siku yake na wa sukari alikuwa na yake. Vyumba vilitazamana, lakini kadi zilikuwa mbili na wa upande huu hakuuliza ya upande ule. Mpango wa Taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza 1977, ulitufundisha kazi vizuri: makohozi, rejesta, sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi miwili, kisha vidonge hadi mwezi wa nane. Dunia ilikuja kuuiga. Sukari haikuwamo.

Ugomvi wa vyumba vile ulianzia kwenye chakula. Sisi wa kifua tulihimiza: kula ushibe, uji utie sukari, ndugu akileta soda usikatae. Akivuka ukumbi, mtu yuleyule anaambiwa soda aache na ugali apunguze. Namkumbuka mama mmoja muuza ndizi wa Tengeru, mwenye magonjwa yote mawili, ambaye kliniki ikiangukia Jumatano au Jumamosi hafiki, maana ndizo siku za soko. "Sista," aliniambia, "nyinyi mnaninenepesha, wenzenu wananikondesha. Nimsikilize nani?" Loshoro aliyoipika kwake ilisifiwa chumba kimoja, ikakatazwa cha pili.

Dawa nazo hazikupatana. Rifampisini, dawa ya kifua, hulichochea ini livunje dawa nyingine upesi, glibenklamaidi ya sukari ikiwamo. Mgonjwa anameza vidonge vyake vya sukari bila kukosa, sukari inapanda, naye anashukiwa kula kwa siri. Nimeona wazee wa heshima wakisimangwa kwa jambo lililofanywa na kidonge. Tena kifua kikuu chenyewe hupandisha sukari, na dawa yake nyingine, aisoniazidi, inaweza kutia ganzi miguu ambayo sukari imekwisha kuianza. Ndiyo maana siku hizi huambatana na vitamini B6. Enzi zile rifampisini ilikuwa ya miezi miwili ya mwanzo tu. Tulipohamia dozi ya miezi sita, yenye rifampisini mwanzo hadi mwisho, matibabu yakafupika, usumbufu wa sukari ukarefuka. Hilo sikulisikia likisemwa sana.

Si kwamba hakuna aliyejua. Mwaka 1990 Mugusi, Swai, McLarty na wenzao walishaandika kuwa kisukari ni kingi zaidi kwa wagonjwa wa kifua kikuu Tanzania. Baadaye UKIMWI ukachukua macho yetu yote, na ulistahili. Kisha ukaja utafiti wa Mwanza: karibu mgonjwa mmoja kati ya sita wa TB alikuwa na kisukari, na wenye kisukari walikufa zaidi, hasa miezi ya mwanzo ya dawa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake wakatoa mwongozo: mwenye TB apimwe sukari, mwenye sukari aulizwe kikohozi.

Ndipo mashine ya sukari ikahamia juu ya meza yetu ya kifua. Vijiti vyake huisha ovyo, na dawa za TB zikiwa bure, za sukari mara nyingi hutoka mfukoni mwa mgonjwa. Mtu anaponunua dawa moja kwa kuuza mkungu wa ndizi, usishangae akiruka wiki.

Kwangu mimi, kilichobadilika zaidi ni siku ya kumaliza dozi. Zamani tulimpongeza mtu, tukafunga kadi, akaenda zake. Kumbe rifampisini ikikoma, ini hutulia baada ya wiki mbili hivi, na dawa ya sukari iliyokuwa imeongezwa ili kushindana nayo inakuwa nyingi mno. Mtu anaweza kuanguka shambani kwa sukari kushuka. Hadi nastaafu tulikuwa tukimpangia tarehe ya kurudi kupimwa, dawa ipunguzwe. Wengi walinuna. Amepona, karudishiwa nini tena kliniki?