Jua la kipupwe kwa bibi, Chemba

Nilifika Chemba asubuhi ya mwezi wa saba nikiwa nimejifunga khanga juu ya sweta. Familia ilinituma nimshawishi bibi ahamie kwetu Dodoma mjini. Kipupwe humsumbua magoti, na safari hii alikuwa na kikohozi.

Njia nzima ya Babati, kulia na kushoto, ni mibuyu isiyo na jani hata moja. Zamani nilidhani imekufa. Kumbe mbuyu hupukutisha majani wakati wa ukame ili usipoteze maji, ukaishi kwa akiba iliyo shinani. Katika mwanga ule wa asubuhi, mashina yalimeta kama shaba.

Nilimkuta bibi kwenye kigoda, mgongo ukutani, anaota jua. Pembeni, watoto walikuwa wanapiga alizeti kavu kwa fimbo juu ya turubai, vumbi likipanda la rangi ya dhahabu. Mbingu haikuwa na wingu.

Nikaanza somo langu la afya: baridi, uzee, hospitali iliyo karibu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mjukuu wangu, hapo kwenu ukuta umezunguka nyumba yote. Jua la asubuhi nitaliota wapi?"

Sikuwa na jibu. Uzio wa jirani yetu mjini umejaa bogonvilia nyekundu, nami huipita kila siku macho yakiwa kwenye simu.

Jioni upepo ulipoanza, bibi akaingiza jiko la mkaa chumbani. Hapo sikukubali. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu; mtu hulala asiamke. Tukapatana: jiko libaki nje, yeye aongeze blanketi na soksi. Na kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimefikisha wiki mbili, kesho yake nilimpeleka kituo cha afya apimwe kifua kikuu. Majibu yalikuwa mazuri, akapewa dawa ya kikohozi.

Nilirudi mjini peke yangu. Asubuhi iliyofuata nilisimama kwenye ile bogonvilia, nikampigia.

"Shikamoo bibi. Umeamkaje?"

"Marahaba. Salama. Niko hapa naota jua. Na wewe?"

"Na mimi pia, bibi."