Mtabila: Pikipiki ipi itamfikisha mama kliniki?

UKITOKA Kasulu mjini kwenda Mtabila, kiuno ndicho kinachokuambia umefika wapi. Lami ikiisha unaingia kwenye udongo mwekundu, vilima, mashamba ya mihogo na maharage, na makorongo yaliyochimbwa na mvua katikati ya njia. Wengi tulilijua jina la Mtabila kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Siku hizi ukilitaja, vijana wanakuuliza habari za JKT.

Nilikwenda kumsalimia dada yangu, mjamzito wa miezi mitano. Nikakuta nyumba ina mjadala. Shemeji ameuza maharage na anataka kununua pikipiki, ya biashara na ya kumpeleka mkewe kliniki.

Moyo wake ulikuwa kwenye zile pikipiki za kwenye filamu: ndefu, siti iko chini, miguu imenyooshwa mbele. “Ukikaa pale, shemeji, ni kama uko sebuleni,” aliniambia.

Kwenye lami ana haki. Lakini miguu ikiwa mbele huwezi kujiinua kidogo unapoona shimo, uzito wote uko kwenye makalio, na kila kishindo kinapanda moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Tena pikipiki iliyo chini itagonga tumbo kwenye makorongo. Akakubali, shingo upande. Zikabaki mbili zilizojaa vijiweni: Boxer 150 na TVS HLX 125.

Dada akasema, “Nyie mnabishania injini. Anayekaa nyuma ni mimi.”

Basi tukaazima zote mbili kijiweni. Dada akakaa nyuma, shemeji akaendesha polepole kipande kifupi kilichosawazishwa, mwendo wa mtu anayetembea. Boxer ilikuwa ya kwanza. Alirudi ameshika kiuno: “Hii inapiga teke.” TVS ikamridhisha. Tukaona kesi imekwisha.

Mwenye Boxer akacheka. Yeye hubeba magunia, kwa hiyo shokapu za nyuma alikuwa amezikaza hadi mwisho, na tairi amelijaza upepo wa mzigo. Akazungusha pete za shokapu akazilegeza, akapunguza upepo hadi kiwango cha abiria mmoja. Dada akapanda tena. Safari hii hakuweza kusema ipi ni laini zaidi.

Hapo nikajifunza jambo ambalo nisingelipata dukani. Mara nyingi kinachomuumiza mama ni pikipiki iliyotegwa kwa gunia ikambeba binadamu. Mzazi, kabla ya kulaumu aina, muulize dereva shokapu zimekazwaje.

Tuliangalia na mengine. Je, miguu ya dada inafika vizuri kwenye vikanyagio? Kuna chuma cha kushika nyuma? Siti inatosha bila kumbana dereva? Anapanda na kushuka upande wa kushoto, kwani ekzosti iko kulia na imeunguza ndama za akina mama wengi. Akae kwa kupanua miguu, si upande, na kitenge kifungwe kisije kikanaswa na mnyororo au tairi.

Kama mwandishi wa afya niliwaambia pia lisilopendeza. Mtikisiko huchosha kiuno, lakini hatari kubwa kwa mjamzito ni kuanguka. Pigo la tumboni linaweza kubandua kondo la nyuma kabla ya wakati, hata kama kwa nje hakuna jeraha. Akianguka, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, asisubiri damu wala maumivu. Kofia ngumu ziwe mbili: tafiti zinaonyesha hupunguza majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Na kwa mujibu wa kanuni, mtoto wa chini ya miaka tisa hapakiwi kwenye bodaboda, achilia mbali mshikaki.

Shemeji alichagua Boxer, kwa sababu ya milima na mizigo. Dada alikubali kwa masharti mawili. Kwanza, siku ya kliniki shokapu zinalegezwa asubuhi, kabla hajavaa viatu. Pili, mimba ikifika miezi saba hapandi tena. Fedha ya gari inawekwa pembeni kuanzia sasa, kidogo kidogo kila wiki ya biashara. Namba 115 ya m-mama, ambayo ni bure kwa dharura ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango.

Wakati naondoka, shemeji alinipeleka hadi barabara kubwa. Kwenye korongo la kwanza alipunguza mwendo mpaka nikashangaa.

“Nafanya mazoezi,” alisema.