Mtu wa Tatu Kwenye Bei ya Tairi

Muuza matairi anayeijua kazi yake haanzi na bei. Anakuuliza gari gani, linabeba nini, linapita wapi. Ukimjibu kwamba ni Noah, asubuhi inapeleka watoto shule, mchana inabeba magunia ya duka na usiku inalala Lemara, ameshajua karibu kila kinachomhusu: lami ya kwenda mjini, mawe na vumbi ukishaiacha hiyo lami, utelezi wa udongo wetu wa volkano masika yakikolea, na kiasi unachoweza kulipa bila kukopa. Bei inapangwa hapo, wewe ukidhani bado mnasalimiana.

Kwa miaka yote niliyoishi huku chini ya Mlima Meru nimenunua matairi mapya na yaliyotumika, na siku hizi naamini duka la matairi linafundisha kupatana kuliko soko lolote. Sokoni Kilombero ukiuziwa nyanya mbovu, anayekula hasara ni wewe. Tairi ukipatana vibaya, hujui atakayelipa ni nani, wala atalipia wapi.

Mara ya mwisho nilihudumiwa na kijana mmoja, chalii wa Arusha hasa, maneno yanamtoka kama alikuwa ananisubiri mimi tu.

"Mama, hili ni laki na themanini. Lakini kwa sababu ni wewe, laki na sitini na tano."

"Kwa sababu ni mimi nani, mwanangu? Unanijua?"

Akacheka, nikacheka, na hapo tukawa tumeanza. Watu wengi wakifika hapo husema "ghali sana", naye muuzaji hujibu kwamba mzigo umepanda, dola imepanda, bandarini kumebana. Hayo ni mashindano ya malalamiko, na yeye ana mazoezi kukuzidi. Mimi nilimwomba alilaze tairi chini, nikavaa miwani, nikainama.

Ubavuni pa tairi pana barua nzima ambayo wanunuzi hatuisomi. Noah yangu inataka 195/65R15 91S. Upana wa milimita 195, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, R ya nyuzi za kukingama kutoka ukingo hadi ukingo, na rimu ya inchi 15. S ni kasi ya kilomita 180 kwa saa, na sijui nani Lemara ataifikia hiyo bila kwanza kufika mbinguni, kwa hiyo silipii herufi kubwa zaidi kwa ajili ya majivuno. Lakini 91 siiachii. Maana yake tairi moja linahimili kilo 615. Chalii alipoona nimekazia macho akanitolea lingine la bei nafuu, 185/65R15, lenye 88. "Hili nalo linakaa tu, mama, wengi wanafunga." Linakaa, kweli. Ila 88 ni kilo 560. Kilo 55 zimepotea kwa kila tairi, 220 kwa manne, yaani magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia na debe juu yake. Hayo magunia hayashuki garini kwa sababu nimepata punguzo. Yataendelea kupanda, na watoto watakaa palepale mbele yake.

Halafu kuna tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na DOT, mara nyingi ndani ya kiduara chenye umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Lile la laki na sitini na tano liliandikwa tarehe ya zamani kuliko nilivyopenda, na kwa rangi ya ubavu wake lilikuwa limeanikwa nje ya duka muda mrefu, jua la asubuhi likilipiga. Mpira huzeeka hata usipotembea. Hewa na jua huukausha, ukawa mgumu, ukaanza nyufa ndogondogo kwenye mikunjo ambako mkono haufiki. Michelin wenyewe wanashauri tairi litolewe likifikisha miaka kumi tangu litengenezwe, hata kama kashata, yaani yale meno ya kukanyagia, bado zimesimama.

"Lakini mama, hilo halijawahi kugusa barabara!"

"Hata mimi sijawahi kucheza mpira, mwanangu, na magoti yanauma."

Akashusha hadi laki na arobaini. Nikamwambia bei imeshuka, tarehe haijashuka. Akaniangalia kidogo, akaingia stoo ya nyuma, akarudi na jozi ya mwaka uliokuwa haujaisha. Yalikuwepo muda wote. Sikumchukia kwa hilo: dukani cha zamani hutangulia kutoka, na mimi ningekuwa na duka ningefanya vivyo hivyo kwa asiyeuliza.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Katika mapatano kuna vitu vinavyopunguzika na vitu visivyopunguzika, na hodari wa kupatana ni yule anayevitenganisha kabla hajafungua mdomo. Bei inapunguzika, faida inapunguzika, hata maneno yanapunguzika. Uzito, umri na kina cha kashata havina shemeji wala mteja wa siku nyingi. Nimeona tunavyolikosea hili nje ya duka la matairi pia. Mtu anapatana mahari vizuri sana na kusahau kuuliza tabia. Mwingine anashusha bei ya kiwanja mpaka anashangiliwa, kiwanja kipo kwenye mkondo wa maji.

Sisi wa Arusha tulishawahi kuwa na mtengenezaji jirani. General Tyre ilianza kutoa matairi hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ikiwa na hisa nyingi kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), na Wamarekani wa General Tire wa Akron, Ohio, wakiwa wabia. Mashamba ya mpira ya Kihuhwi kule Muheza na Kalunga mkoani Morogoro yalikuwa sehemu ya ndoto ileile: utomvu wetu, kiwanda chetu, barabara zetu. Continental ya Ujerumani iliinunua General Tire mwaka 1987 na kuurithi ubia huo, uzalishaji ukasimama mwaka 2007, na tangu hapo habari za kukifufua kiwanda zinakuja na kwenda. Sitaki kuyasifia matairi yale kupita kiasi kwa sababu tu ni ya nyumbani. Ninachokikosa ni kwamba aliyelitengeneza tairi alikuwa anapita barabara hiyohiyo ninayopita mimi. Leo lalamiko langu linaishia kwa chalii, naye ana bosi wake, na bosi ana kontena lake.

Na matairi yaliyotumika? Yapo tele, mengine yamekuja yakiwa kwenye magari ya Japani. Geuza ubavu usome. Ukikuta neno STUDLESS, hilo limetengenezwa kwa ajili ya theluji, mpira wake ni laini ili ushike barafu. Theluji tunayoijua sisi iko Kibo, na hakuna anayepanda huko na Noah. Kwenye lami ya joto ya kushuka Makuyuni tairi hilo linaliwa haraka kuliko bei yake inavyokufurahisha. Kashata zake nene ndizo zinazomvuta mnunuzi, na ndizo zinazomdanganya.

Lakini siwezi kuwacheka wanaonunua. Dereva wa kifodi cha abiria anayepeleka hesabu kwa mwenye gari kila jioni hana laki na nusu ya tairi moja. Ana elfu chache zilizobaki baada ya mafuta, na tairi lake limeanza kuonyesha waya leo, siyo mwisho wa mwezi. Tunamwambia rahisi ghali. Nadhani methali hiyo ilitungwa na mtu mwenye akiba. Dereva anajua vizuri kwamba ni ghali, ila hana namna ya kulipa kwa mkupuo, hivyo analipa kidogo kidogo, kwa pancha, kwa kukesha, kwa abiria wanaoshuka na kupanda gari la nyuma. Ninayemlaumu mimi ni mwenye gari, anayepatana hesabu ya jioni bila kutaja tairi ndani yake. Wao wawili wanakubaliana na kupeana mikono. Abiria hakuulizwa.

Huyo asiyeulizwa ndiye mtu wa tatu, na historia ya tairi imejaa yeye. Dunlop alipata hataza ya tairi lake la upepo mwaka 1888. Baiskeli zikaenea Ulaya, magari yakafuata, dunia ikataka mpira kwa pupa. Upande wa pili wa maziwa yetu, katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu wa kuleta. Walioshindwa walichapwa, wanawake walishikwa mateka, watu walikatwa mikono, hadi kelele za dunia zilipomlazimisha mfalme kuikabidhi nchi hiyo kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908. Aliyenunua baiskeli Brussels huenda alipatana bei kwa adabu kabisa, akaondoka akiamini kwamba yeye na muuzaji wamemaliza kila kitu wao wawili.

Nirudi dukani. Fedha yangu ilitosha matairi mawili. Bei ilipogoma kwenye laki na hamsini na tano, niliacha kuisukuma nikahamia kwenye kazi: kufunga, balansi na valvu mpya viwe ndani ya bei hiyo. Muuzaji aliyefika mwisho wa shilingi zake mara nyingi bado ana jasho la fundi la kukupa, na kwako lina thamani ileile. Akakubali. Kisha akasogea karibu, sauti ikashuka.

"Na risiti au bila risiti, mama? Bila risiti nakupa laki na thelathini na mbili."

Hesabu yake ilikuwa safi. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, na ukiitoa kwenye laki na hamsini na tano unabaki hapohapo, karibu elfu ishirini na nne chini kwa kila tairi. Sitajifanya mtakatifu, mkono ulisita juu ya pochi. Kilichoniamua kwanza ni ubinafsi: tairi likivimba ubavu wiki ijayo, bila risiti mimi ni mama fulani tu aliyewahi kupita. Cha pili kilikuja baadaye, nikiwa nimekaa kwenye benchi nasubiri. Ile elfu ishirini na nne ya kila tairi tuliyotaka kugawana ilikuwa ya mtu asiyekuwepo pale, labda mgonjwa kwenye foleni ya zahanati. Chalii alitoa risiti bila kununa.

Fundi naye alikuwa na la kwake. Alitaka mapya yafungwe mbele, kwa kuwa Noah inavuta mbele na mbele ndiko kunakoliwa. Wengi husema hivyo. Watengenezaji wa matairi wanashauri kinyume: mapya yakae nyuma, kwa sababu mvuani mbele ikiteleza utaisikia kwenye usukani na kupunguza mwendo, nyuma ikiteleza gari linazunguka kabla hujajua limeanza. Tulibishana kwa heshima, yeye akiniita mama na mimi nikimwita fundi, mpaka akasema gari ni langu. Yakafungwa nyuma.

Yakabaki mawili ya zamani pale chini. Fundi akayapiga teke kidogo, akasema atayachukua yote kwa elfu ishirini, kuna mtu wa Noah anatafuta. Nikayainamia tena kwa miwani. Moja lilikuwa na kashata juu ya vile vijiti vya ndani vinavyoonyesha milimita 1.6, ubavu mzima, mwaka unasomeka. La pili lilikuwa kipara upande wa ndani, waya unachungulia.

"Hili zima nakuuzia," nikasema. "Hili la pili lichane kwanza."

"Mama, unatupa hela!"

"Lichane, umpe mshona viatu vya katambuga."

Alikuna kichwa, akaenda kuchukua kisu, akalichana ubavu huku akiniambia kwamba huyo mtu wa Noah angelifunga nyuma, asingesumbuka. Nikamwambia huko nyuma ndiko wanakokaa abiria. Tukabaki na lile zima. Alianza na elfu kumi, nikataja thelathini, akaniuliza kwa nini ghali hivyo, nikamwonyesha tarehe. Alinipa elfu ishirini.