Samaki Wameisha, Karibuni Ndizi

Siku hizi mambo mengi ya nyumbani yanapita kwenye simu: umeme wa LUKU, ada ya mtoto, hata rambirambi. Yakienda sawa tunashukuru. Yakikwama, ndipo tunapoanza kumtafuta mtu wa kusema naye.

Sisi akina mama wa jumuiya moja hapa Bulyaga tulichanga shilingi 85,000 kwa ajili ya mwenzetu aliyekuwa akimuuguza mtoto hospitalini Mbeya. Namba ilikuwa sahihi, jina ni lake. Fedha ilitoka kwetu, kwake haikufika. Tukapiga huduma kwa wateja: bonyeza moja, bonyeza mbili, muziki, kisha simu ikakatika. Kesho yake kijana mmoja akasema tungoje saa 24. Tukangoja. Kila aliyepokea baada yake alituanzisha hadithi upya, na huko Mbeya mwenzetu alikuwa akigawiwa uji na mama wa kitanda cha jirani. Siku ya nne fedha ikarudi, bila hata neno la pole.

Tulikuwa Tukuyu mjini, mvua inanyesha. Tukaituma tena, ikafika papo hapo. Kwa furaha tukatoa vya mifukoni mwetu, tukaingia kwa mama lishe.

"Poleni na mvua, mama zangu," akasema, akitumiminia maji ya moto ya kunawa. Tukaagiza samaki. "Samaki wameisha, sitawadanganya. Kuna ndizi na maharage, ngojeni dakika kumi." Zilipofika kumi akaja mwenyewe kutuambia kuni ni mbichi, tumvumilie kidogo. Hakuna aliyenung'unika. Ndizi zilikuja zikitoa mvuke, na parachichi pembeni. Mmoja wetu akasema tangu aolewe hajawahi kuletewa sahani akiwa ameketi. Tukacheka, kisha tukanyamaza, maana wengi wetu ndio wa kula mwisho, tena ukoko.

Wauguzi miongoni mwetu tunalijua hili: mgonjwa aliyeambiwa daktari atafika saa nane husubiri kwa amani; asiyeambiwa kitu hugonga dirisha. Kusubiri si kuzito kama kusahauliwa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane walisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Manung'uniko yalipowafikia, Mitume hawakuyapuuza. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema kuisimamia kazi hiyo. Kulalamika kwa haki, basi, si utovu wa adabu.

Fedha yako ikikwama, usifute ujumbe wa muamala. Andika tarehe, saa, jina la aliyekuhudumia na namba ya lalamiko. Anza na kampuni yenyewe. Wasipokutendea haki, peleka lalamiko kwa mamlaka inayosimamia huduma hiyo. Mambo ya umeme na maji yako chini ya EWURA.

Na akina baba mnaosoma gazeti hili kwa kuibia, tunawaomba jambo moja. Siku moja mwambie mama watoto avae kitenge chake kizuri, mketi mahali aletewe chakula kikiwa cha moto. Sahani ya ndizi haifilisi nyumba.