Kabla ya kumnunulia mtoto kadi ya picha, fungua kwanza kompyuta yake

Wazazi wengi wamezoea kununua vifaa kwa namba. Simu ya GB 128 ni bora kuliko ya GB 64, friji ya lita 200 inaizidi ya lita 150, mazungumzo yanaishia hapo. Kwenye kadi ya picha, kifaa ambacho watoto wanaocheza gemu kwenye kompyuta hukililia kama watoto wa zamani walivyolilia baiskeli, hesabu hiyo inaweza kumpotezea mzazi laki kadhaa kwa dakika kumi tu dukani.

Kadi hiyo ni kama kompyuta ndogo iliyowekwa ndani ya kompyuta kubwa, na kazi yake ni kuchora. Gemu inapokwenda vizuri, kadi inachora picha nzima mara 60 au zaidi kila sekunde. Kwenye kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080, kila picha ina nukta zaidi ya milioni mbili. Kadi ikishindwa kufikisha, picha zinakatakata, na hapo ndipo mtoto anapokuja sebuleni kutangaza kwamba kompyuta imezeeka.

Kijana mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alitoa tangazo hilo akiwa amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani anasubiri matokeo. Alikuwa na mojawapo ya zile kompyuta nyembamba za ofisi zinazouzwa zikiwa zimeshatumika, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha saba. Mama yake, muuza vitenge, aliinunua kwa ajili ya masomo. Sasa kijana alitaka kadi ya RTX 3060. Alishatazama video zisizo na idadi, na sifa za kila kadi alizijua kuliko fomula za kemia.

Mama alikuwa ametoka kupokea mgawo wake wa kikoba. Pesa hiyo hiyo ndiyo ingenunua godoro, tranka na mahitaji ya kidato cha tano endapo matokeo yangekuwa mazuri. Hakukataa. Alimwambia tu, "Nitakununulia, baba, ila niandikie kwenye karatasi kwa nini hiyo na siyo nyingine."

Karatasi ya kwanza ilirudi na mstari mmoja: ina memori ya GB 12.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, na wauzaji wanalijua hilo. Memori ya kadi ni kama meza ya fundi cherehani. Meza ikiwa ndogo mno, vitambaa vinaanguka na kazi inasimama, lakini meza kubwa haiongezi kasi ya mikono. Mfano mzuri uko kwenye kadi hiyo hiyo aliyoitaka. RTX 3060 iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 329 za Marekani ina GB 12. Ndugu yake, RTX 3060 Ti, iliyotoka mwishoni mwa 2020 kwa dola 399, ina GB 8 tu, na kwenye gemu nyingi ndiyo inayokimbia zaidi. Sababu ni kwamba ina vitengo vya kuchora 4,864, wakati mwenzake ana 3,584, na memori yake, ingawa ni ndogo, inapitisha data kwa kasi kubwa zaidi.

Jina nalo hudanganya. GT 1030 ilitoka mwaka 2017 na memori ya aina ya GDDR5. Mwaka uliofuata likaingia sokoni toleo lenye jina hilo hilo na GB 2 zile zile, lakini kwa memori ya DDR4 inayopitisha data takribani theluthi moja tu ya ile ya kwanza. RTX 3050 ya GB 8 na RTX 3050 ya GB 6 zinatofautiana kwa zaidi ya memori: ya pili ina vitengo pungufu vya kuchora na hutumia wati 70, wakati ya kwanza hutumia 130. Mzazi anayesoma jina peke yake hawezi kuligundua hilo, na si kosa lake. Watengenezaji ndio wanaotoa majina hayo, na hawayatoi kwa ajili ya kumsaidia mnunuzi.

Karatasi ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Kijana aliandika gemu anazocheza: EA Sports FC, GTA V na Valorant. Akaandika na kioo chake, cha 1920 kwa 1080, kinachoonyesha picha 60 kwa sekunde. Mistari hiyo miwili ilikuwa na faida kuliko video zote alizotazama. Kioo cha aina hiyo hakiwezi kuonyesha zaidi ya picha 60 kwa sekunde hata kadi ikichora 150. Kadi kubwa za bei mbaya zinatafuta kazi ya kulingana nazo, kama kioo cha 4K chenye nukta mara nne kamili ya kile cha kijana. Bila kioo hicho, nguvu nyingi inakaa bure.

(GTA V, kwa wasiojua, imepewa alama ya miaka 18 na PEGI, chombo cha Ulaya kinachopanga umri wa gemu. Kadi haimuulizi mtoto umri wake. Mama aliuliza, kukawa na mjadala mwingine wa jioni nzima.)

Kisha akaitwa fundi wa mtaani, kompyuta ikafunguliwa juu ya meza ya chakula. Kazi hiyo ilichukua robo saa na ndiyo iliyookoa pesa. Kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani, palikuwa na kibandiko cha wati 180. RTX 3060 peke yake inakula wati 170, na kampuni ya NVIDIA inashauri pawa saplai ya wati 550. Waya wa ziada wa kuipa kadi umeme haukuwepo kabisa. Halafu boksi lenyewe lilikuwa jembamba, linaingia kadi fupi za nusu kimo tu.

"Mama, hii hata ukipewa bure haiingii," fundi alisema.

Kijana alinyamaza. Kwa wiki tatu alikuwa amelinganisha kadi ambazo hakuna hata moja ingefungwa kwenye mashine yake.

Zilizobaki zilikuwa chache, zile zinazopata umeme wote kutoka kwenye tundu zinapochomekwa na zenye toleo la nusu kimo. GTX 1650 ya mwaka 2019 ina GB 4 na hutumia wati 75. RX 6400 ya mwaka 2022 nayo ina GB 4, kwa wati 53. Ya tatu ni RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwanzoni mwa 2024.

Ukiangalia mwaka, RX 6400 ingeonekana bora kuliko GTX 1650. Lakini kadi hiyo huwasiliana na kompyuta kwa njia nne tu, na iliundwa kwa ajili ya mashine mpya ambazo njia zake zina kasi maradufu. Ikiwekwa kwenye kompyuta ya kizazi cha saba, inabanwa. Pia haiwezi kurekodi gemu kwa kutumia kifaa chake yenyewe, jambo linalomhusu kijana anayeota kuwa na chaneli ya YouTube. RTX 3050 ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya tatu hizo. Ila kwa kioo kile, na kwa prosesa ile ya zamani inayoigawia kadi kazi, GTX 1650 ilitosha kwa gemu zote tatu kwa mipangilio ya kati.

Kuhusu mipangilio, video nyingi za kulinganisha kadi hufanywa kwenye kompyuta zenye prosesa bora kuliko zote, ili kadi tu ndiyo ipimwe. Namba za pale hazitatokea Tabata. Isitoshe, gemu hupimwa mara nyingi kwa mipangilio ya juu kabisa, wakati ukishusha vivuli na vitu vya mbali hadi kiwango cha kati, kasi inapanda sana na macho hayaoni tofauti kubwa. Kushusha huko hakuna gharama, kwa hiyo ni vizuri mtoto akajaribu kabla ya kuomba chochote.

Umeme nao uhesabiwe. Kadi ya wati 170 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa tatu kwa siku, kwa siku 30 inakula uniti 15.3. Ya wati 75 inakula 6.75. Kwa nyumba inayojibana isivuke uniti 75 za LUKU kwa mwezi, uniti nane na nusu si za kupuuza.

Kadi zilizotumika ni nyingi, na baadhi zilifanya kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, hadi Ethereum ilipoachana na uchimbaji huo Septemba 15, 2022. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimechoka. Hatari kubwa zaidi ni kadi bandia. Zipo za zamani kama GTS 450 zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huzitambua nyingi, na huweka neno FAKE mbele ya jina.

Kwa hiyo mama na mwanawe walikwenda Kariakoo na kompyuta yao begani. Muuzaji alijaribu kuwapandisha bei: "Mama, chukua hii ya GB 8, mtoto atafurahi." Kijana ndiye aliyejibu, kwa adabu, kwamba haina nusu kimo. GTX 1650 iliyotumika ikachomekwa pale pale, GPU-Z ikafunguliwa, gemu ikachezwa nusu saa huku feni ikisikilizwa. Ndipo pesa ikatoka.

Njiani kurudi walikubaliana masharti. Kompyuta itakaa sebuleni. Kasi itafungwa kwenye picha 60, kadi isipate joto bure. Saa nne usiku inazimwa, kwa sababu kijana wa miaka 17 anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi, na kwa muda mrefu alikuwa akilala saa nane za usiku. Kijana aliomba iwe saa tano siku za Ijumaa na Jumamosi. Mama akasema atafikiria, akamwomba ashike vizuri begi, wateremke Buguruni kwanza wakaulizie bei ya magodoro.